Ni nafsi ipi, na ni wasiwasi gani? Kuchonga swali la utafiti linalotoka moyoni

Kila ifikapo tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, redio na mitandao ya kijamii hujaa mazungumzo kuhusu wasiwasi, sonona na msongo wa mawazo, na hilo ni jambo la heri kwa jamii ambayo kwa muda mrefu ilizoea kumwambia mgonjwa ajikaze. Hata hivyo, katika mazungumzo hayo hayo neno wasiwasi limebebeshwa mizigo mingi mno. Mwanafunzi anayengoja mtihani, mama ambaye kwa miezi mingi halali wala hali vizuri bila kujua sababu, na kijana anayejiuliza usiku kwa nini yupo duniani, wote husemwa wana wasiwasi. Mmoja huambiwa aende hospitali, mwingine azidishe ibada, na wa tatu huambiwa aache kuwaza mambo ya Wazungu.

Mkanganyiko huo umeingia hadi vyuoni. Mwanafunzi anayetaka kuutafiti wasiwasi wa yule kijana wa mwisho mara nyingi huanza na swali kama hili: mimi ni nani, na kwa nini naogopa kutokuwapo? Msimamizi humjibu kwamba swali ni pana mno na ni la kibinafsi mno, akalipunguze. Naye hurudi chumbani bila kujua akate wapi. Makala hii inajaribu kuonyesha pa kukata. Nitatumia swali langu mwenyewe kama mfano, kwa sababu nililiandika mara nne kabla halijasimama, na kila mara nilijifunza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amenieleza.

Tuanze na maneno. Hofu ina kitu chake. Ukivuka barabara Kariakoo na bodaboda ikakujia kwa kasi, unakijua unachokiogopa, na ukishafika ng'ambo hofu inakwisha. Wasiwasi, kwa asili ya neno lenyewe katika Kiarabu, ni mnong'ono, kitu kinachosemwa ndani pasipo msemaji kuonekana. Ndiyo maana sura ya mwisho ya Kurani inaomba kinga dhidi ya mwenye kunong'ona vifuani mwa watu. Mwanafalsafa wa Denmark, Søren Kierkegaard, aliyatenganisha mambo haya mawili mwaka 1844. Hofu, alisema, huelekea kitu mahususi, ilhali wasiwasi ni kama kizunguzungu cha mtu anayechungulia shimo refu, ambacho kimo katika jicho lake sawasawa na kilivyomo katika shimo lenyewe. Mjerumani Martin Heidegger aliuendeleza utofauti huo mwaka 1927: katika wasiwasi hakuna kitu kimoja duniani kinachotutisha, bali kinachotikisika ni kule kuwapo kwetu kwenyewe.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wana neno udhanaishi kwa falsafa inayochunguza kuwapo kwa mtu, uhuru wake na upweke wake, nao wamelitumia sana kuieleza kazi ya Euphrase Kezilahabi, hasa riwaya yake ya Kichwamaji ya mwaka 1974. Kutokana na neno hilo tunaweza kusema wasiwasi wa kidhanaishi, yaani ule unaozuka si kwa sababu kuna kitu kinachokaribia kutudhuru, bali kwa sababu tumeshtuka kwamba tupo, kwamba tutakufa, kwamba tunalazimika kuchagua, na kwamba hakuna anayeweza kuyafanya hayo kwa niaba yetu. Chukua mfano wa nyumba. Hofu ni kumsikia mwizi akitikisa dirisha. Wasiwasi wa kidhanaishi ni kuamka usiku, ukakuta madirisha yote yamefungwa na kila kitu kipo mahali pake, kisha ukajiuliza kama nyumba hii kweli ni yako.

Neno la pili lina mitego zaidi. Anayetafuta jina la ile hali ya mtu kuwa yeye na si mwingine hukimbilia ubinafsi, na hapo amekwisha kupotea, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili akiona ubinafsi anaelewa choyo; umimi nao una kasoro hiyo hiyo. Utu ni neno zuri, lakini linapima mwenendo: tukisema fulani hana utu hatumaanishi kwamba hayupo. Utambulisho unahusu zaidi yale tunayojulikana nayo, kama vile jina, kabila, dini na kazi. Roho, kwa waumini wengi, ni ile inayotoka mtu anapokufa. Inabaki nafsi, ambayo hata sarufi imeikubali inapomtaja nafsi ya kwanza, yule asemaye mimi. Kwa maana hiyo nitasema kwamba nafsi ni yule anayesema mimi na anayejihesabu kuwa ndiye yule yule wa jana. Najua tafsiri hii ina mgogoro ndani yake. Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliandika mwaka 1739 kwamba kila alipojichungulia alikuta joto au baridi, mapenzi au chuki, wala hakumkuta mwenyewe aliye nazo. Na mafundisho ya Kibudha yalikwisha kusema jambo linalokaribiana na hilo karne nyingi kabla yake. Mtafiti halazimiki kuumaliza mgogoro huo. Analazimika kusema nafsi anayoizungumzia ni ipi, na kulishika neno hilo hadi ukurasa wa mwisho.

Yale yanayosemwa ovyo

Dhana ya kwanza potofu ni kwamba wasiwasi wa namna hii ni ugonjwa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, inayo magonjwa ya wasiwasi, nayo yanatambulika kwa dalili zinazodumu na kuvuruga usingizi, kazi na mahusiano ya mtu. Lakini kujiuliza kwa nini tupo si mojawapo ya magonjwa hayo. Hayo mawili yanaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja, na hapa nasema kwa msisitizo wote nilio nao: ambaye kwa majuma mengi halali, hali, au anawaza kujidhuru, aende kwanza kituo cha afya. Utafiti unaweza kumngoja.

Dhana ya pili ni kwamba huu ni upungufu wa imani. Anayesema hivyo na amkumbuke Abu Hamid al-Ghazali, mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, ambaye mwaka 1095 alianza kujiuliza kama anafundisha kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya sifa. Ameeleza mwenyewe kwamba ulimi ulifungika asiweze kufundisha, chakula kikawa hakimpiti kooni, na waganga wakakiri kuwa jambo hili limeuingia moyo na kutoka humo likaenea mwilini. Mwishowe aliacha cheo chake akaondoka mjini. Sijui ni nani angethubutu kumwambia mtu huyo kwamba hakuwa na imani.

Dhana ya tatu, kwamba mambo haya yametoka Ulaya, inajibiwa na utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauonyesha magofu ya Pate, mji wa kale katika visiwa vya Lamu, yale majumba ya matajiri yaliyokuwa yakiwaka taa na ambayo sasa yamekuwa makazi ya popo, na anauuliza unangoja nini. Tazama umbo la utenzi huo, maana ni muhimu kwa mtafiti kuliko hata maudhui yake: yuko anayesema, na uko moyo unaosemeshwa, na wote wawili ni mtu mmoja. Mtu aliyegawanyika ili ajihoji alikwisha kupata makao katika ushairi wa Kiswahili kabla Kierkegaard hajaandika neno.

Bibi aliponiita kwa jina langu

Bibi yangu mzaa mama alipofika miaka ya themanini, maradhi ya kusahau yalianza kumchukua kidogo kidogo. Kwanza alisahau chumvi katika mchuzi, kisha akasahau njia ya kurudi kutoka kisimani, mwisho akaanza kusahau watu. Mimi nilipewa jina la marehemu mume wake, kama ilivyo desturi kwetu, na tangu nikiwa mdogo alinitania barazani kwa kuniita mume wangu, akinidai kanga za sikukuu mbele ya wageni. Siku moja nilipoingia aliniita kwa jina langu, nikafurahi mno, kwa kuwa zilikuwa zimepita wiki nyingi bila kunitaja. Halafu akaniuliza kama nimekwisha kuanua nyavu. Babu alikuwa mvuvi. Mimi sijawahi kuushika wavu.

Usiku ule sikulala. Sikuogopa kufa, wala sikuogopa kwamba yeye atakufa, maana hilo tulikwisha kulikubali nyumbani. Nilichokihisi ni kwamba mtoto yule wa barazani, ambaye hakuna mwingine aliyemkumbuka kama alivyomkumbuka bibi, alikuwa ameondoka nami ningali hai.

Nilipokaa kuandika andiko la utafiti, swali langu la kwanza lilikuwa: kwa nini binadamu ana wasiwasi, na je, nafsi ipo kweli? Soma tena, utaona kwamba bibi hayumo. Nilidhani kumwondoa ndiko kuwa mtaalamu. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika maandiko ya wengine pia: mtu hulipanua swali ili lionekane kubwa, na katika kulipanua anakitupa kitu pekee alichokijua kuliko wasomaji wake wote. Wanaposema swali lako ni la kibinafsi mno, mara nyingi wanamaanisha kwamba halijaonyesha kwa nini liwahusu wengine, na dawa ya hilo ni kulichimba tukio lako hadi ufike mahali ambapo watu wengine nao wamesimama.

Kisu cha kwanza kilikuwa kuuliza ni wasiwasi gani. Mwanateolojia Paul Tillich, mwaka 1952, aliugawa wasiwasi wa kuwapo katika mafungu matatu: ule wa majaliwa na kifo, ule wa utupu na kukosa maana, na ule wa hatia na kuhukumiwa. Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani, alitaja mwaka 1980 mambo manne yanayouzusha: kifo, uhuru, upweke na kukosa maana. Orodha kama hizi hazipaswi kunakiliwa katika andiko kama kanuni. Kazi yake ni kama ya fundi nguo anayemvisha mteja vipimo mbalimbali ili aone panapobana. Nilivaa kimoja kimoja. Kifo hakikunitosha, kwa sababu nilizozitaja. Hatia haikuwamo. Upweke ulikaribia, lakini upweke wa Yalom ni ule umbali usiovukika kati ya mtu na mtu hata wakiwa pamoja, ilhali mimi nilikuwa nimewahi kuuvuka umbali huo na sasa daraja limebomolewa kutoka ng'ambo ya pili. Nikaupa wasiwasi wangu jina lake: wa kutotambuliwa tena.

Kwa hiyo swali la pili likawa: je, kutotambuliwa na mtu wa karibu huzusha wasiwasi wa kidhanaishi? Lilikuwa fupi na lilieleweka, nami nililipenda kwa siku tatu hivi, hadi nilipojiuliza ni jibu gani lingeweza kunishangaza. Hapakuwa na jibu kama hilo. Nilikuwa nimekwisha kusema ndiyo kabla sijatoka nyumbani, na kila mtu ambaye ningemhoji angekuja tu kunitia muhuri. Ukitaka kulijaribu swali lako, andika majibu mawili yanayopingana ambayo yote yanawezekana kweli, kisha ujiulize utafanya nini ukiletewa lile usilolipenda.

Kisu cha pili kikawa kuuliza ni nafsi ipi iliyotikisika, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu, alishikilia kwamba mtu ni yule yule kadiri fahamu zake zinavyoweza kurudi nyuma na kuyadai matendo ya zamani kuwa ni yake. Fahamu za mwanamfalme zikihamia katika mwili wa fundi viatu, alisema, mtu yule sasa ni mwanamfalme. Kwa mtazamo huo aliyekuwa anapotea nyumbani kwetu ni bibi. Mimi nilikuwa mzima kabisa, kwa kuwa kumbukumbu zangu zote ninazo, pamoja na baraza, kanga na kicheko. Hoja ya Locke ni safi, lakini haikueleza usiku wangu.

Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alianzia upande wa pili. Kauli yake inayonukuliwa sana ni kwamba nipo kwa sababu tupo, na kwa kuwa tupo, basi nipo. Lakini sehemu iliyonishika mimi ni ile inayonukuliwa mara chache zaidi, ambamo anayachukua maneno yetu ya Kiswahili, sasa na zamani, na kuyapa maana ya kitaalamu. Marehemu, asema, hubaki katika Sasa maadamu yupo mtu aliyemjua anayeendelea kumkumbuka kwa jina, jambo ambalo linaweza kufika vizazi vinne au vitano. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, naye huzama katika Zamani. Mbiti amekosolewa, na kwa haki, kwa kuwa alijenga juu ya lugha chache, hasa Kikamba na Kigikuyu, hoja inayodai kulisemea bara zima. Mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye ni mmoja wa waliompinga, hasa kuhusu dhana yake ya wakati. Hata hivyo, kuna kitu katika maelezo yake ambacho kilinitetemesha. Ikiwa kumbukumbu ya mtu mwingine ndiyo inayomshikilia marehemu asizame, basi inawezekana sehemu ya aliye hai nayo imeshikiliwa hivyo hivyo, na inaweza kuachiwa mapema.

Hapo ndipo methali yetu ya mtu ni watu inapogeuka upande ambao hatuusemi. Tumezoea kuitaja kama kinga, tukiamini kwamba upweke wa kidhanaishi ni tatizo la jamii zilizosambaratika na kwamba sisi tuliozungukwa na ndugu tumesalimika nao. Mimi naona ina upande mwingine. Ikiwa kweli mtu ni watu, basi kila mmoja wa watu hao anayeondoka, au anayesahau, anaondoka na kipande, na anayetegemea wengi ana mengi ya kupoteza. Hii ni dhana tu, sijaithibitisha. Lakini ni dhana inayoweza kuchunguzwa.

Nilipofika hapo nilifanya kosa la tatu, nikaandika: kuhusu nafsi, ni Locke au Mbiti aliye sahihi? Si swali baya. Ni swali la dhana, na anayeliuliza atalijibu kwa kusoma na kujenga hoja maktabani, jambo ambalo ni utafiti kamili usiohitaji dodoso. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimepanga kulijibu kwa kuwahoji watu thelathini. Kuuliza kilo ni nini na kuuliza gunia hili lina kilo ngapi ni maswali mawili: ukipima magunia elfu hutaambiwa kilo ni nini, na ukiijua tafsiri ya kilo hujaujua uzito wa gunia lolote. Wengi wanaotafiti nafsi hukwama hapa, wakitaka wahojiwa wawaamulie mgogoro wa wanafalsafa, au wakitaka wanafalsafa wawaambie jinsi watu wa mtaani wanavyoishi.

Swali la nne, ambalo ndilo nililobaki nalo, linasema hivi: wajukuu watu wazima waliolelewa na bibi zao katika Mkoa wa Tanga, na ambao bibi hao hawawatambui tena kwa sababu ya maradhi ya kusahau, wanakielezaje walichokipoteza: wanasema wamempoteza bibi, wamepoteza uhusiano, au wamepoteza sehemu ya nafsi zao? Limekuwa jembamba, lakini lina mambo ambayo maswali matatu ya kwanza hayakuwa nayo. Linataja nani na wapi. Linaniruhusu kukosea, maana wajukuu wote wakisema kwamba wao ni wazima na aliyepotea ni bibi tu, itanibidi nikiri kwamba ule usiku wangu ulikuwa wa kwangu peke yangu na kwamba Locke ameeleza maisha yao vizuri kuliko nilivyodhani. Na neno wasiwasi limeondoka kabisa katika swali, jambo lililomshangaza mwenzangu aliyelisoma. Limeondoka kwa makusudi. Wasiwasi ndio ulionileta mlangoni. Nikiuweka katika swali nitawapa wahojiwa jibu mdomoni.

Kuna mambo mengine ambayo swali hili lilinilazimisha kuyaamua. Bibi mwenyewe hawezi kunipa ridhaa kwa maana kamili ya neno hilo, kwa hiyo wahojiwa ni wajukuu, si wagonjwa. Na hata hivyo kibali cha kimaadili kinahitajika kabla ya kuugusa mlango wa mtu. Nchini Tanzania, kwa tafiti za afya, mahali pa kuanzia ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Nchini Kenya mtafiti huhitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Pia niliandika habari yangu mwenyewe yote, kurasa kumi na moja, kabla ya kumhoji mtu yeyote, nikaifungia. Wako watafiti wanaoyafanya maisha yao wenyewe kuwa data, kwa njia iitwayo otoethnografia, nami ninaiheshimu. Lakini mimi nilitaka kurasa zile zinisaidie kwa namna nyingine. Kila nitakapomsikia mhojiwa akisema jambo linalonifurahisha, nitazifungua nione kama ni yeye aliyelisema au ni mimi niliyemwekea.

Kuhusu maswali ya kuuliza uso kwa uso, nimeyafuta yote yaliyokuwa na neno nafsi. Mjukuu aliyeketi barazani, bibi yake yuko ndani anaimba wimbo ambao hakuna anayeujua, hahitaji kuulizwa kuhusu nafsi. Nitaanza kwa kumuuliza hivi: mara ya mwisho bibi kukuita kwa jina lako, akikusudia wewe, ilikuwa lini?